"Mbege si pombe": kinachomfikia mtoto aliye tumboni, na namna kinavyogusa ukuaji wake

Desemba ya Moshi haifanani na miezi mingine. Mabasi yanapandisha watu kutoka Dar usiku na mchana, magari yenye vumbi la safari yanaelekea Kibosho, Machame, Marangu na Rombo, na kila kihamba, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, kinanukia nyama ya kuchoma. Desemba iliyopita, nyumbani kwetu Kibosho, kata, kile kibuyu cha kunywea, iliyojaa mbege, kinywaji chetu Wachagga cha ndizi na ulezi, ilikuwa inazunguka chini ya migomba kama kawaida. Ikafika kwa wifi yangu, aliyekuwa na mimba ya miezi sita. Akaipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, maana aliyempa ni bibi. Kabla haijagusa mdomo, binamu yetu mmoja, muuguzi aliyekuja kutoka Arusha, akasema, "Wifi, hiyo iweke chini."

Hapo pakawaka. Bibi akauliza tangu lini mbege ikawa pombe. Mbege ni chakula, akasema, ina ndizi na ulezi, na yeye amezaa watoto wanane huku akiinywa. Kaka, mume wa wifi, akashika katikati: mbege labda iachwe kwa kuwa haijulikani ukali wake, lakini bia moja ya baridi haina neno. Wifi mwenyewe alikuwa amechanganyikiwa kwelikweli. Kliniki walimuuliza kama anatumia pombe, akajibu hapana, wala hakudanganya. Bia aliacha tangu mwezi wa pili wa mimba. Mbege hakuihesabu.

Jibu lile la "hapana" ndilo lililonifanya nikae niandike. Nadhani linatolewa kila siku kwenye kliniki za huku kwetu, na wanaolitoa ni wanawake wakweli.

Pombe iko wapi ndani ya mbege

Kinacholevya katika kila kinywaji cha kulevya, kiwe cha dukani au cha kienyeji, ni kitu kimoja: ethanoli. Hamira, vile vidudu visivyoonekana kwa macho vinavyokaa kwenye maganda ya matunda, kwenye kimea na kwenye vyombo vilivyozoea kazi hiyo, hula sukari na kutoa ethanoli pamoja na hewa ya ukaa, ile inayoleta povu. Kwenye bia, sukari inatoka kwenye shayiri. Kwenye mvinyo wa Dodoma inatoka kwenye zabibu. Kwenye mbege inatoka kwenye ndizi mbivu zilizochemshwa, unaongezwa ulezi ulioota na kusagwa, na gome la msesewe linatia ule uchungu ambao mzee wa Kichagga akiukosa anasema amepewa maji. Gongo, au piwa kama inavyoitwa huku, ni hatua moja zaidi: kilichokwisha kuchacha kinachemshwa, mvuke wake unapozwa, na ethanoli inakusanywa ikiwa kali.

Kwa hiyo bibi alikuwa sahihi nusu. Ulezi ni chakula, tena chakula cha maana: una kalsiamu nyingi kuliko nafaka nyingine tulizozoea, na una madini ya chuma. Ndizi nayo ni chakula. Lakini ethanoli haibadiliki kwa kuwa imepanda gari moja na ulezi. Anayetaka ulezi ataukuta kwenye uji, na anayetaka ndizi ataikuta kwenye mtori.

Sasa tupime. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye ukali wa asilimia 5 ina mililita 25 za ethanoli tupu, ambazo ni kama gramu 20. Glasi ya mvinyo ya mililita 150, ukali asilimia 12, ina kama gramu 14. Kichupa cha pombe kali cha mililita 200, asilimia 35, kile kinachoingia kwenye mfuko wa koti, kina kama gramu 55, yaani karibu bia tatu. Kumbe kusema "mimi natumia mvinyo tu" au "mimi nakunywa nyepesi" hakuelezi chochote mpaka ujue kiasi. Na mbege haina lebo. Ya jana ni tamu, ya leo imekolea, ya kesho inapiga kichwa, na kata ya nyumba moja ni mara mbili ya kata ya nyumba nyingine. Huwezi kusema umekunywa gramu ngapi, na aliyeipika hawezi pia.

Chujio la chai

Watu wengi wanaamini mtoto aliye tumboni anakaa chumba chenye mlinzi mlangoni. Mlinzi huyo ni kondo la nyuma, na imani ni kwamba kinachofaa kinapita na kisichofaa kinarudishwa. Kondo linafanya kazi kubwa kweli. Linapitisha hewa safi na chakula, linatoa uchafu, na linazuia baadhi ya vimelea. Ila lifikirie kama chujio la chai. Majani yanabaki juu. Sukari je? Sukari imeshayeyuka kwenye chai, inapita nayo. Ethanoli ni chembe ndogo sana na inayeyuka kwenye maji moja kwa moja, hivyo inapita kondo bila hata kubisha hodi. Muda mfupi baada ya mama kunywa, kiwango cha pombe kwenye damu ya mtoto kinakaribia kile cha mama.

Wanafanana hapo tu. Ini la mtu mzima linaweza kuondoa kama gramu 7 hadi 10 za ethanoli kwa saa, kwa hiyo ile bia moja ya gramu 20 inamchukua mama saa mbili hadi tatu. Ini la mtoto tumboni halijawa na vimeng'enya vya kutosha kufanya kazi hiyo. Linategemea pombe irudi kwa mama kupitia kondo, taratibu. Na kuna jambo ambalo mimi lilinishtua nilipoelezwa mara ya kwanza: sehemu ya pombe hiyo inatoka kwa mtoto kama mkojo na kubaki kwenye maji ya chupa, yale anayoogelea ndani yake. Mtoto huyameza maji hayo, ni sehemu ya maisha yake humo. Mama anaweza kuwa ameshalala na kichwa kimemtulia, lakini mwanawe bado anameza.

Ndiyo maana neno "kidogo" linatupoteza. Tunapima kidogo kwa mwili wa mnywaji: hajalewa, hajayumba, maneno hayajamchanganyika. Kipimo hicho ni cha mtu wa kilo 65 mwenye ini lililokomaa. Hapo hapo kuna mtu mwingine wa gramu mia chache, au wa kilo moja na nusu, asiye na ini la kumtetea, na kata ile ile imegawiwa kwa wote wawili.

Kwa nini mtoto anazaliwa mdogo

Hapa ndipo swali la ukuaji linapoanzia, na si jambo moja. Kwanza, ethanoli huweza kubana mishipa ya damu kwenye kondo na kwenye kitovu, na damu ikipungua, hewa safi na chakula vinapungua pia. Wachagga tunaielewa habari hii kuliko wengi, kwa sababu ya mifereji. Maji yakiminywa juu mlimani, mgomba wa chini hauoni tatizo siku hiyo. Unaona baadaye, mkungu ukitoka mwembamba. Pili, pombe inavuruga usafirishaji wa viini vya protini na madini kama zinki kutoka kwa mama, na inavuruga homoni za ukuaji zinazoambia chembe za mwili wa mtoto zigawanyike. Tatu, nyingine katika chembe hizo, hasa za ubongo, zinakufa au zinakwenda kukaa mahali pasipo pake. Na kuna jambo la kawaida kabisa: aliyeshiba mbege hali chakula. Pombe pia inapunguza ufyonzwaji wa foliki asidi, kirutubisho kilekile tunachopewa kliniki kwenye vidonge vya kuongeza damu.

Wakati nao una maneno yake. Mfereji wa neva, unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, unafunga kabla ya siku ya 28 tangu mimba itungwe. Siku hizo wanawake wengi hawajajua kama ni wajawazito, wanahesabu tu kwamba mwezi umechelewa. Miezi mitatu ya mwanzo ndiyo uso, moyo na figo vinapochongwa. Baadaye kazi inahamia kwenye uzito: mtoto wa wiki 28 ana kama kilo moja, na anazaliwa akiwa na kilo tatu hivi. Ina maana anaongezeka mara tatu katika wiki kumi na mbili za mwisho, na pombe ya wiki hizo inagusa moja kwa moja kilo na sentimita. Ubongo hauna likizo. Unajengwa mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo hakuna mwezi ambao mtu anaweza kusema sasa hatari imepita, niletee kata.

Mtoto anayezaliwa chini ya kilo 2.5 anahesabiwa ana uzito pungufu. Wengi wa watoto walioguswa na pombe huwa wafupi na wepesi kwa umri wao, na baadhi wana kichwa chenye mzingo mdogo, jambo linaloonyesha kwamba ubongo uliomo ndani haukukua ipasavyo. Baada ya kuzaliwa mambo yanajifunga: mtoto ananyonya kwa udhaifu, anachoka haraka, usingizi wake ni wa kukatika, na uzito hauongezeki inavyotarajiwa ingawa maziwa yapo.

Kadi inavyosema, na isivyosema

Aliyewahi kumpeleka mtoto kupimwa anaijua picha hii. Mizani inaning'inia, mtoto anavishwa ile kaptula ya kupimia, analia, nesi anasoma namba na kuweka nukta kwenye kadi. Nukta moja haisemi kitu. Mstari unaounganisha nukta za miezi sita au nane ndio unaosema. Mtoto mdogo ambaye mstari wake unapanda vizuri, sambamba na mistari iliyochapwa, anaweza kuwa mdogo tu kwa asili. Mstari unaolala au kushuka ndio unaoita.

Urefu nao una mstari wake, na hapa ndipo linapoingia neno tunalolisikia redioni kila mara: udumavu. Mtoto amedumaa pale urefu wake unapokuwa chini mno ukilinganishwa na watoto wenye afya wa umri wake. Kwa Tanzania, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, kutoka asilimia 34 ya 2015 na 2016. Sababu ni nyingi: lishe duni ya mama, maradhi ya kuhara ya kila mara, malaria wakati wa mimba, uzazi wa karibu karibu, chakula cha mtoto kisicho na protini wala mafuta. Pombe ni mojawapo katika msururu huo. Ninaliweka hili wazi kwa sababu nimeshawasikia watu wakimwona mtoto mfupi na kuanza kumnong'onea mama yake. Mtoto kuwa mdogo si ushahidi kwamba mama alikunywa. Hata kidogo.

Kuna tofauti moja ambayo muuguzi aliyezoea huitazama. Udumavu wa njaa mara nyingi hujitokeza zaidi kuanzia miezi sita, mtoto anapoanza kula vyakula vingine: alizaliwa vizuri, kisha mstari ukaanza kuchoka. Aliyeguswa na pombe mara nyingi anaanza chini tangu siku ya kwanza, na anaweza kulishwa vizuri, mayai, maziwa, parachichi, na bado akabaki mstari wa chini. Lakini maisha hayatenganishi mambo kwa usafi hivyo. Nyumba yenye pombe nyingi mara nyingi ina chakula kidogo, na mtoto anapigwa na vyote viwili. Uzito wa baadhi ya watoto hawa hurudi juu wanapokua, hasa wanapobalehe. Urefu huwa mgumu zaidi, na kichwa kilichozaliwa kidogo ndicho kinachobaki nyuma mara nyingi.

Kuna alama za uso pia, tatu ambazo madaktari huzitafuta: matundu ya macho mafupi kutoka kona hadi kona, mdomo wa juu mwembamba, na kale kamfereji kati ya pua na mdomo kuwa tambarare. Alama hizo zikikutana na ukuaji hafifu na matatizo ya ubongo, hali hiyo inaitwa FAS. Jina pana zaidi, FASD, linakusanya madhara yote ya pombe ya tumboni, na wengi walio kwenye kundi hilo pana wana uso wa kawaida kabisa. Kwa hiyo naomba tusianze kuchunguzana midomo kwenye daladala.

Walio na uso wa kawaida ndio wanaoteseka kimya kimya. Mwambie mtoto wa miaka minne, "Chukua kikombe, weka maji, mpelekee bibi." Anafika jikoni, anashika kikombe, anasimama. Sehemu ya pili na ya tatu zimepotea njiani. Kesho utamfundisha jambo lile lile upya. Anachelewa kusema, hatulii, anarudia kosa aliloadhibiwa nalo asubuhi kwa sababu hajaunganisha kosa na adhabu. Nyumbani anaitwa mkaidi, shuleni anaitwa mzito. Fimbo haitibu hali hii, maana tatizo ni jinsi waya za ubongo zilivyofungwa.

"Mbona mimi nipo?"

Turudi kwa bibi na watoto wake wanane, kwa sababu hoja yake ndiyo nzito kuliko zote na haijibiwi kwa kumdharau.

Kwanza, hata madaktari walichelewa. Ni mwaka 1968 ambapo Paul Lemoine, daktari wa watoto huko Nantes, Ufaransa, alieleza habari za watoto 127 wa wazazi walevi waliofanana kwa namna ya ajabu. Wachache walimsikiliza. Mwaka 1973, Kenneth Jones na David Smith huko Seattle, Marekani, wakaona jambo hilo hilo na kulipa jina. Katika miaka hiyo hiyo ya sitini na sabini, hospitali za nchi zilizoendelea zilikuwa zinawawekea wajawazito dripu ya pombe kuzuia uchungu wa mapema. Ndiyo, dripu ya pombe, kwa maagizo ya daktari. Na Uingereza, hadi 2016, mwongozo wa serikali ulikuwa unaacha mlango wazi kwa glasi moja moja. Mwaka huo ndipo wakasema njia salama ni kutokunywa kabisa. Sasa bibi wa Kibosho angejua kutoka kwa nani?

Pili, ni kweli kwamba wengi wananusurika. Makadirio ya kidunia yaliyotolewa 2017 yanasema katika kila wanawake 13 waliokunywa wakiwa wajawazito, mmoja hupata mtoto mwenye FASD. Kwa ile hali kali yenye alama zote, ni mmoja katika kila 67. Geuza hesabu hiyo utaona kwa nini kijijini kuna ushahidi mwingi wa kuitetea mbege: kumi na wawili katika kumi na tatu hawakuambiwa tatizo lolote. Ni kama bodaboda bila kofia. Abiria wengi wanafika, na waliofika ndio wanaosimulia.

Tatizo ni kwamba hakuna anayeweza kukuambia mapema wewe ni yupi katika wale kumi na watatu. Inategemea kiasi, na kunywa nyingi kwa mkupuo, kama siku ya sherehe, ni mbaya zaidi. Inategemea wiki ya mimba, lishe ya mama, umri wake, na urithi wa damu. Imewahi kuonekana mapacha wasiofanana, tumbo moja, pombe ile ile, mmoja akaguswa vibaya kuliko mwenzake. Kiwango cha chini kilichothibitishwa kuwa salama hakipo. Wataalamu wanaposema "sifuri", hawasemi kwamba funda moja lazima lidhuru. Wanasema hawawezi kukuchorea mstari, na mtu mwaminifu asiyeweza kuchora mstari hauchori.

Hoja ya kaka ya bia moja inaanguka hapo hapo. Na ile ya kwamba bia nyeusi inaongeza damu? Rangi ile inatoka kwenye nafaka iliyokaangwa. Madini ya chuma yaliyomo hayafiki hata miligramu moja kwa chupa, wakati mjamzito anahitaji kama miligramu 27 kwa siku. Maharage, mboga za majani, dagaa, nyama na vile vidonge vya kliniki vinafanya kazi hiyo bila kuleta gramu 20 za ethanoli.

Aliyekwisha kunywa

Swali ambalo wanawake huuliza kwa sauti ya chini ni hili: nilikunywa kabla sijajua, nifanyeje? Acha leo. Ubongo wa mtoto unaendelea kujengwa mpaka siku ya kuzaliwa na baada ya hapo, kwa hiyo kila wiki isiyo na pombe ni wiki ya ujenzi mzuri. Mwambie nesi ukweli, ili mtoto afuatiliwe kwa karibu, apimwe na kichwa, si uzito pekee. Hofu isiyo na kazi haimsaidii yeyote, na mimba nyingi za namna hiyo zinakwenda salama.

Ila kuna mwanamke ambaye siwezi kumwambia "acha leo" na kumwacha hivyo. Ni yule anayekunywa kila siku, ambaye asubuhi mikono inatetemeka mpaka apate funda. Mwili uliozoea pombe kiasi hicho ukikatiwa ghafla unaweza kuingia kwenye degedege, na hilo ni hatari kwa mama na kwa mtoto. Huyo aende hospitali ya mkoa au ya rufaa, aseme ukweli wake, apunguziwe chini ya uangalizi. Akitukanwa hapo dirishani hatarudi, na tutakuwa tumewapoteza wawili. Mume wake naye asikae pembeni kama mgeni mwalikwa. Nyumba ambayo mwanamume anarudi na chupa kila jioni haiwezi kumwambia mwanamke ajizuie peke yake.

Kuhusu kunyonyesha nitasema kwa ufupi, maana mbege ya kuleta maziwa ina watetezi wengi kuliko mbege ya ujauzito. Pombe inaingia kwenye maziwa kwa kiwango kinachokaribia kile cha damu, na inatoka humo kadiri inavyotoka kwenye damu. Kukamua na kumwaga hakuiharakishi. Zaidi ya hayo, inazuia homoni inayoachilia maziwa, na watoto hupata maziwa pungufu katika saa zinazofuata. Titi linaweza kuhisi limejaa kwa sababu hiyo hiyo: maziwa hayatoki. Kinacholeta maziwa ni mtoto kunyonya mara kwa mara, na mama kula na kunywa vya kutosha. Mtori wa watu wa kale ulikuwa na akili.

Kwa mtoto aliyekwisha kuguswa hakuna dawa inayorudisha ubongo nyuma ukajengwe upya. Lakini aliyetambuliwa akiwa na miaka miwili ana nafasi kubwa kuliko aliyetambuliwa akiwa na kumi na miwili. Apimwe masikio, macho na moyo. Alishwe kidogo kidogo mara nyingi. Aambiwe jambo moja kwa wakati mmoja, kwa maneno yale yale, na siku yake iwe na mpangilio usiobadilika badilika: kula, kuoga, kulala. Walezi wanaofanya hivyo, wakiwemo bibi wengi ambao hawajawahi kusikia neno FASD, wanapata matokeo.

Binamu yetu muuguzi alituambia siku ile kwamba yeye ameshaacha kuwauliza wajawazito kama wanatumia pombe. Anauliza, "Jumapili ulikunywa nini, kuanzia asubuhi?" Na mama anahesabu kwa vidole: chai, maji, soda, halafu jioni kwa mama mkwe, mbege, kata mbili. Anaandika.

Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akiwa ameshika kata yake. Hakusema amekubali, bibi zetu hawana desturi hiyo. Akauliza swali moja tu: uji wa ulezi, huo anaruhusiwa? Akajibiwa huo anaruhusiwa hata ndoo nzima. Akanyanyuka, akaingia jikoni, tukasikia maji yakisuuza chombo. Aliporudi alikuwa na kata ile ile, imejaa uji, moshi unapanda. Wifi akaipokea kwa mikono miwili.